Mwaka wa Pili Baada ya Meli Kuzama

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander iliyotoka bandari ya Malindi mjini Unguja kuelekea Pemba ilipinduka na kuzama katika mkondo wa Nungwi. Abiria wengi walikuwa wanarudi makwao baada ya sikukuu ya Idi, na meli ilikuwa imepakia watu kupita kabisa kiwango ilichoruhusiwa. Maiti waliopatikana walikuwa kiasi cha 200. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilieleza kwamba watu wengine zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyokuwa inatoka Dar es Salaam nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe.

Kila Mzanzibari anaijua habari hii, na nisingeirudia hapa isipokuwa kwa sababu ya tarakimu ile ya pili, ya watu wasioonekana. Nimeshika kazi ya uuguzi wa afya ya akili kwa sehemu kubwa ya umri wangu, Unguja na Pemba, na kwa niliyoyaona nimefika mahali pa kuamini kwamba msaada wa kisaikolojia baada ya maafa humiminwa kwa wingi katika wiki ambazo watu hawauhitaji sana, kisha huwa umekwisha kabisa katika miezi ambayo ndiyo kwanza wanaanza kuuhitaji. Katika msiba usio na maiti pengo hilo huwa kubwa zaidi, kwa sababu hata jamii yenyewe, ambayo kwa kawaida ndiyo mtoaji mkuu wa faraja, haijui ishike wapi.

Niseme kwanza kuhusu siku za mwanzo, kwa ufupi, kwa kuwa hizo zimeandikwa sana. Uwanja wa Maisara uligeuzwa mahali pa kutambulia maiti. Mtu aliyefika pale kumtafuta ndugu yake hakuwa na haja ya kuulizwa anajisikiaje. Haja yake ilikuwa kujua orodha iko wapi na nani anayeishika, maiti wengine wataletwa saa ngapi, majeruhi wamepelekwa hospitali gani. Alihitaji maji, kivuli, simu yenye chaji, na mtu wa kumwambia mapema ni kitu gani atakachokiona akiingia ndani ya hema, kisha aingie naye. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliutoa mwaka huohuo wa 2011 unalijenga jambo zima juu ya vitendo vitatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Kuunganisha ni kumkutanisha mtu na jamaa zake, na habari za kweli, na huduma anayoihitaji. Kumlazimisha asimulie yaliyomkuta hakumo.

Nalisisitiza hilo kwa sababu kulikuwa na zama ambapo wataalamu waliamini kwamba manusura akisimulishwa tukio zima kwa kina, katika kikao kimoja ndani ya siku chache za mwanzo, atakingika na kiwewe cha baadaye. Tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa, ilionekana kwamba kikao cha namna hiyo hakikingi kitu, na katika baadhi ya tafiti waliosimulishwa walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa wapumzike. Hata hivyo, kila yanapotokea maafa, hawakosekani watu wenye nia njema na vitambulisho shingoni wanaomkalisha mtu aliyetolewa majini jana na kumtaka atoe yaliyo moyoni. Yaliyo moyoni hayana haraka. Mwenye kutaka kusema atasema, na kazi ya aliye karibu naye ni kuwepo siku hiyo ikifika.

Vidonge vya usingizi navyo vina habari yake. Desturi ya kumpa mfiwa diazepamu ili "apumzike" imeenea katika zahanati zetu, na nimeiona familia ikimshikilia mjane na kumnywesha kwa sababu tu kilio chake kimewatisha. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 yako wazi: dawa za kundi hilo zisitumike kutibu majonzi ya kufiwa wala mshituko wa mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwili huzizoea upesi, na majonzi hubaki palepale yakisubiri dawa iishe. Kukosa usingizi, kushituka kwa kila mlio, kuota maji, kutopata hamu ya chakula, moyo kwenda mbio bila sababu: haya katika wiki za mwanzo ni mwitiko wa mwili wa binadamu mzima, na kwa watu wengi hupungua yenyewe wakiwa na usalama, na jamaa, na jambo la kufanya.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Maiti inapokuwepo, msiba unaijua njia yake. Maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa kabla jua halijazunguka. Watu hukaa matanga, wanawake ndani na wanaume barazani, jirani huleta sufuria ya wali, hitima husomwa, mjane huingia eda na kukaa miezi minne na siku kumi. Hatua hizi zote zina watu wake, saa zake na maneno yake, na mfiwa hahitaji kubuni chochote. Hubebwa na ratiba ambayo babu zake waliipitia. Mimi ninayelipwa mshahara wa kushughulika na akili za watu sijaona chombo cha hospitali kinachoweza kushindana na mpangilio huo.

Kisha fikiria nyumba ambayo mume, au binti na wajukuu, walipanda meli usiku wa Ijumaa na hawakuonekana tena. Hakuna wa kuoshwa. Matanga yaanze lini? Wengine waliyaanza siku ya tatu, wengine walikataa katakata, wakisema ni kumwombea kifo mtu ambaye huenda ameokotwa na wavuvi akapelekwa bara. Uvumi ulikuwa mwingi: fulani ameonekana Tanga, fulani yuko hospitali Mombasa hajui jina lake. Tusiwacheke waliouamini. Katika ajali ya MV Nyerere iliyotokea karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria tarehe 20 Septemba 2018, ambayo iliua watu 228, mtu mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baada ya kivuko kupinduka, kwa kuwa alikuwa amejibanza mahali palipobaki na hewa. Ilikuwa habari ya furaha kwa taifa zima, lakini nadhani kila familia ambayo bado ilikuwa inasubiri ufukweni iliipokea kwa namna yake, na baadhi yao hawakulala tena wiki ile.

Mtaalamu wa Marekani aitwaye Pauline Boss alianza kuutafiti msiba wa namna hii katika miaka ya 1970 kwa kuzungumza na familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliloligundua ni kwamba watu hawa huonekana kama wamekwama, hawalii wakamaliza wala hawaendelei na maisha, na jamaa huanza kuwaona wagonjwa au wakaidi. Ilhali kilichokwama ni hali yenyewe, isiyotoa jibu, na mtu yeyote mwenye akili timamu angekwama ndani yake. Kwa hiyo hakuhimiza watu walazimishwe "kukubali". Alifundisha kwamba mtu aruhusiwe kubeba mawazo mawili kwa wakati mmoja: kwamba pengine amekufa, na kwamba pengine bado yu hai, huku akipika, akipeleka watoto skuli, akiozesha binti.

Huku kwetu mawazo hayo mawili yanagongana na sheria, na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na vitabu. Mwanamke mmoja wa Pemba, ambaye sitataja kijiji chake, aliniambia mwaka wa pili baada ya ajali, "Dada yangu, nikikaa eda ni kama mimi ndiye niliyemzika." Mama mkwe wake alikuwa hataki kusikia neno hilo. Kaka zake mwenyewe walimtaka akae eda amalize, arudi kwao, maisha yaendelee. Katikati ya pande hizo yeye alikuwa hajijui ni mke au mjane. Alikuwa haendi harusini kwa kuogopa kusemwa na haendi msibani kwa kuogopa kulia. Alikuja hospitali kwa maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa.

Niliyoyafanya kwa ajili yake hayakuwa ya ajabu. Tulizungumza mara nyingi, ndiyo, lakini lililomfungua zaidi lilikuwa kwenda kwa Kadhi. Kadhi huangalia dalili: je, alionekana akipanda, nani aliyemsindikiza, nani alimpigia simu akiwa melini, nani katika walionusurika aliyekaa naye. Anaporidhika anaweza kuhukumu kwamba mtu huyo amekufa, na eda ikahesabiwa, na mirathi ikafunguliwa. Tofauti kati ya mwanamke kuamua mwenyewe na hukumu kutoka mahali penye mamlaka ilikuwa kubwa mno. Mama mkwe alilia siku ile kilio cha msiba, kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo imamu wa msikiti wao aliwasalisha sala ya ghaibu, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafii inajuzu kwa maiti aliye mbali, na hitima ikasomwa, na wali ukapikwa. Maumivu ya kichwa hayakwisha wiki ile, sitaki kudanganya, lakini aliacha kuja kwa ajili yake.

Tangu hapo nimekuwa nikisema, hata katika mikutano ambayo wenzangu hunitazama kwa huruma, kwamba orodha ya abiria ni dawa ya akili. Meli yenye orodha sahihi ya majina inapozama, mjane anakuwa na karatasi ya kupeleka kwa Kadhi, kwa msajili wa vifo, kwa mwajiri wa mumewe. Meli iliyojaza watu bila kuandika majina huwaacha walio hai wakithibitisha, kwa miaka, kwamba mtu wao alikuwepo. Nimekaa na baba aliyeanza kutilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe ya kumsindikiza mwanawe bandarini.

Kwa watoto kuna kosa moja ambalo limeenea pwani yote, nalo hufanywa kwa mapenzi. Mtoto akiuliza baba yuko wapi, huambiwa amesafiri. Kwa mtoto wa mtu aliyefia kitandani maneno hayo hupita, ijapokuwa siyapendi. Kwa mtoto ambaye baba yake alisafiri kweli na hakurudi kwa sababu ya kusafiri, jibu hilo humfanya asubiri kila boti inayotia nanga katika bandari ya Mkoani, na humfanya ashikwe na homa kila mama anapofunga begi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuambiwa kwamba meli ilizama, kwamba baba alikufa, kwamba aliyekufa harudi na haumwi tena, na kwamba mama na bibi wapo na watamlea. Atauliza tena kesho, na kesho kutwa, maswali yaleyale. Ajibiwe yaleyale. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji shahada.

Kuna shida nyingine ambayo wageni wanaokuja kutufundisha huwa hawaitambui upesi. Mtu aliyelipukiwa na bomu katika jiji kubwa anaweza, akiwa na uwezo, kuupita mtaa ule kwa mbali maisha yake yote. Mpemba hawezi kuiepuka bahari. Hospitali kubwa ya rufaa iko ng'ambo, vyuo vingi viko ng'ambo, soko la vitambaa, harusi ya mpwa, yote yako ng'ambo, na ndege si ya kila mfuko. Nimeona watu waliokaa kisiwani miaka wakikosa matibabu ya macho au ya figo kwa sababu tu miguu yao iligoma kuvuka ngazi ya boti. Hofu ya namna hii inatibika, na matibabu yake yanaeleweka vizuri: mtu haondolewi kwenye kitu anachokiogopa wala hatupwi ndani yake, bali hukikaribia hatua kwa hatua, akisimama katika kila hatua hadi mwili utulie. Kwanza kuzungumza kuhusu boti bila kukatisha mazungumzo. Kisha kwenda bandarini na kukaa tu, kunywa kahawa, kuona watu wakishuka salama. Kisha kupanda boti iliyofungwa gatini, kuona milango iko wapi, kushika jaketi la kujiokolea na kulivaa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha safari, mchana, bahari ikiwa shwari, pamoja na mtu anayemwamini. Baadhi hufika mwisho baada ya muda mfupi, wengine huishia gatini na kurudi nyumbani mara nyingi.

Ila niongeze hili, kwa kuwa linanikera. Hofu ya kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi si ugonjwa. Mgonjwa wangu mmoja alishuka kutoka kwenye chombo alipoona watu wamekaa hadi juu ya mizigo, na jamaa zake wakaniletea habari hiyo kama ushahidi kwamba hajapona. Nilimpongeza mbele yao. Sisi wa hospitali hatuwezi, wala hatupaswi, kumzoesha mtu hatari ya kweli, na ofisa anayesimama gatini akihesabu vichwa na kukataa kuongeza hata mmoja anafanya kazi ya afya ya akili kuliko mimi.

Watu huniuliza kuhusu waganga na masheikh. Baada ya 2011 watu wengi walioota maji, au waliosikia sauti za waliozama, walipelekwa kwanza kusomewa, wakanywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, wakafukizwa. Sina ugomvi na dua. Kisomo humkusanyia mtu jamaa zake na kumpa mahali pa kuweka jambo lisilobebeka, na sheikh mwenye hekima humsikiliza mtu kwa muda mrefu kuliko daktari mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango wake. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mama aliyepoteza watoto watatu kwamba amekaliwa na jini la bahari linalotaka mbuzi, kisha mbuzi mwingine, na anayemkataza kwenda hospitali. Upande wetu nao tuna lawama. Jina la Kidongo Chekundu, ambako ndiko hospitali yetu ya magonjwa ya akili ilipo, hutamkwa mitaani kama tusi, na hatukufanya bidii ya kutosha kuwapelekea watu huduma kwenye vituo vya afya vya kawaida, ambako mtu anaweza kuingia na hakuna atakayejua amefuata nini.

Kuhusu wakati, kuna mfano ambao nauheshimu sana. Nchini Rwanda kila mwaka ifikapo Aprili, msimu wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, waliofunzwa kuhudumia watu wenye kiwewe huwekwa tayari kwenye viwanja na kwenye makaburi ya kumbukumbu, kwa sababu inajulikana kwamba wakati wa maombolezo wapo watakaoanguka, watakaopiga mayowe, watakaokimbia kama siku ileile. Miongoni mwao wamo vijana waliokuwa hawajazaliwa mwaka huo. Hilo ni taifa lililokubali kwamba jeraha lina kalenda, likapanga watumishi wake kufuatana na kalenda hiyo.

Sisi tuna kalenda mbili. Kuna tarehe 10 Septemba, inayotajwa redioni. Kuna na mwezi wa Shawwal, kwa kuwa meli ilizama siku chache baada ya Idi, na Idi husogea kila mwaka wakati Septemba imesimama palepale. Kwa hiyo familia nyingi za Pemba huingia Ramadhani zikiwa na furaha ya watu wote, na kadiri mwezi unavyoelekea mwisho, na jamaa wanapoanza kupiga simu kusema wanakuja kula sikukuu nyumbani, kifua huanza kubana. Hakuna anayeweka mshauri nasaha zamu ya Idi. Imamu anaweza kulitaja katika hotuba, mwalimu wa madrasa anaweza kumwangalia mtoto aliyenyamaza ghafla, na mwenye jamaa anayesafiri anaweza kupiga simu akiwa bandarini, akipanda, na akishuka. Simu tatu hizo ni matibabu ya bei ndogo sana.

Swali la nani afanye kazi hii limekwisha kujibiwa karibu na kwetu. Huko Moshi katika mkoa wa Kilimanjaro na Bungoma nchini Kenya, watafiti waliwafunza watu wasio wataalamu wa afya ya akili kuendesha vikundi vya watoto waliofiwa na mzazi, wakifuata utaratibu wa tiba ya kiwewe uliopangwa kwa vipindi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba katika sehemu nyingi za utafiti watoto wale walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi wa mtaani, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakajifunza kumsaidia mtu kulichambua tatizo moja hadi lipate njia. Hawa wote hufanya kazi chini ya usimamizi, na hilo husahaulika tunapoiga. Bibi aliyesikiliza misiba asubuhi nzima anahitaji naye mtu wa kumsikiliza jioni, na anahitaji kujua ni lini aseme "huyu si wangu, apelekwe hospitali": mtu anapotaja kutaka kufa, anapoacha kula au kulisha watoto wake, anapoona au kusikia vitu vinavyomwamuru, anapolewa kila siku ili alale, au anapokuwa katika hali ileile ya wiki ya kwanza baada ya miezi sita na zaidi kupita.

Kwa shehia zetu, yaani mitaa na vijiji vinavyosimamiwa na sheha, ningependekeza jambo dogo, na nimelipendekeza zaidi ya mara moja. Sheha huwa na orodha ya waliofiwa, kwa ajili ya mkono wa pole. Orodha ile isifungwe pesa zikishagawiwa. Iwekwe tarehe: miezi mitatu, miezi sita, mwaka, mwaka na nusu, miaka miwili. Katika tarehe hizo mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba, bila gari la serikali na bila kamera, aamkie, akae, aulize watoto wanasomaje, nani analala vibaya, karatasi za mirathi zimefika wapi. Mwaka wa pili ndio wageni wamekwisha kuondoka, jirani wamechoka kuisikia habari, aliyekopa wakati wa msiba anadaiwa, na mfiwa ameanza kuona aibu kwamba bado analia.

Na katika orodha hiyo kuna watu ambao sijaona sheha yeyote akiwaandika. Alfajiri ile ya tarehe 10, waliofika kwanza majini walikuwa wavuvi wa Nungwi na vijana wa boti za wazamiaji wa mahotelini. Waliokota waliokuwa wameng'ang'ania magodoro, na waliokota pia watoto waliokuwa wamekwisha kufa. Huko Mwanza, mwezi wa Mei mwaka 1996, waokoaji wa MV Bukoba walitoboa tumbo la meli iliyopinduka ili kuwafikia watu waliokuwa hai ndani, hewa ikatoka, meli ikazama mbele ya macho yao, na siku hiyo wakabaki nayo.

Miaka kadhaa baada ya ajali yetu nilikwenda Nungwi kwa shughuli nyingine, nikazungumza na mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa anashona nyavu. Nilimwamkia, nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuja kuwaulizia hali tangu wakati ule. Akanijibu, "Mwanangu, sisi hatukufiwa." Baadaye, bila kuulizwa, akasema kwamba havui tena usiku, na kwamba mwanawe ameuza ngarawa akaenda kufanya kazi ya bodaboda mjini.

Hawakufiwa, kwa hiyo hawakuandikwa, na kwa kuwa hawakuandikwa hakuna aliyejua kwamba watu wameacha kazi ya baba zao. Kila diko, yaani pwani vinapofikia vyombo vya wavuvi, lina msimamizi wake, bwana diko, naye ndiye anayejua ni vyombo gani vilitoka asubuhi ile na nani alikuwa ndani ya kipi. Aulizwe katika wiki ya kwanza, majina yaandikwe pamoja na ya wafiwa, na anayepita nyumba kwa nyumba mwaka wa pili apite na dikoni. Akingoja hadi mwaka huo ndipo aanze kuuliza, atakuta nusu yao wamehama, na bwana diko naye amebadilika.